Barua kwa Mama Mlezi: Kila mtu anavaa begi, anaelekea kituoni

Mama Mlezi alikuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam hadi alipostaafu. Katika safu hii anajibu barua za wasomaji kuhusu maisha ya chuo. Wiki hii barua tatu zimegusa jambo moja: wanafunzi wanaosoma wakitokea nyumbani.

Shikamoo Mama Mlezi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kilichopo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Hosteli zetu ni chache mno, kwa hiyo wengi wetu tunakaa kwetu au tumepanga vyumba: Mbagala, Gongo la Mboto, Kigamboni, Kimara, wengine mpaka Kibaha. Mwaka huu rais wa serikali ya wanafunzi aliniteua kuwa waziri wa michezo na utamaduni. Niliingia na ari kubwa, ila sasa nimekata tamaa.

Mama, hapa kwetu hakuna maisha ya chuo. Kipindi cha mwisho kikiisha kila mtu anavaa begi, anaelekea kituoni. Saa kumi na moja jioni utawakuta walinzi na wafagiaji tu. Tuliandaa usiku wa mashairi na ngoma, Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili. Tukakodi spika, tukabandika matangazo mpaka kwenye milango ya vyoo. Waliokuja hawakufika hata idadi ya sisi waandaaji. Kwenye ligi ya madarasa, timu yetu ilipoteza mchezo mezani kwa sababu hatukutimia kumi na mmoja. Mkutano mkuu nao ulikosa akidi, tukaahirisha, ukakosa tena.

Rafiki yangu anasoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anakaa hosteli. Ananitumia video za matamasha yao hadi naumia roho. Mawaziri wenzangu wanapendekeza tuwatoze faini wasiohudhuria shughuli. Mama, hivi wenzangu hawa hawajali kweli? Na mimi nifanye nini kabla muda wangu wa uongozi haujaisha?

*Waziri wa mwaka wa pili, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu,

Nianze na hiyo faini: msithubutu. Mkiiweka mtajaza ukumbi watu wanaochungulia simu na kuhesabu dakika, na chuki watakayoondoka nayo itamwangukia kila kiongozi atakayekuja baada yenu.

Sasa turudi kwenye ile Ijumaa. Saa kumi na mbili jioni ulikuwa unamwalika nani? Siku moja fuatana na mwenzako wa Mbagala Rangi Tatu tangu asubuhi. Kipindi chake cha kwanza ni saa moja, kwa hiyo saa kumi alfajiri yuko macho. Anafika kituoni bado giza, magari yanakuja yamejaa, wenye nguvu wanaingilia dirishani. Jioni ni vurugu ileile kwa upande wa pili. Anayetaka kiti inabidi apande gari linaloingia mjini, ageuze nalo, alipe nauli mara mbili. Asiyeweza kulipa mara mbili anasimama njia nzima, begi amelivaa kifuani kwa kuogopa vibaka, maana ndani kuna kompyuta mpakato ambayo familia nzima ilichangishana kuinunua. Akiondoka saa kumi anawahi magharibi nyumbani. Akisubiri mashairi yako yaishe saa tatu usiku, atashuka Rangi Tatu usiku mkubwa, atafute bodaboda, na kama ni binti basi sebuleni kuna baba hajalala, anamsubiri. Mwaliko wako ulimtaka atoe hela ya bodaboda, usalama wake na amani ya nyumbani kwao, kwa ajili ya shughuli ambayo hata hakuulizwa kama anaitaka.

Umeniuliza kama hawajali. Kumbuka mara ya mwisho mwenzenu alipofiwa. CR, mwakilishi wa darasa, alitupia tangazo kwenye grupu la darasa usiku, na kabla ya kulala orodha ilikuwa imeshaanza kurefuka: huyu elfu mbili, yule elfu tano, mwingine anaandika "nitatuma kesho mchana" na kesho mchana anatuma kweli. Keshokutwa yake Kosta imekodiwa, darasa zima liko Chanika au Bunju, wasichana wako jikoni na wamama wa mtaa, wavulana wanabeba viti. Hakuna waziri aliyeitisha wala faini iliyotajwa. Nimelishuhudia hili kwa miaka yote niliyofanya kazi ya ulezi, katika kozi zilizosemwa kuwa zimepooza kuliko zote. Mtu asiyejali hatoi elfu mbili ya nauli yake ya kesho kwa ajili ya mama wa mwenzake ambaye hajawahi kumwona.

Tena usisahau mambo ya Januari 2013 hapahapa mjini. Wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, walikuwa wamepanga kwa wingi Kigamboni. Daraja lilikuwa halijafunguliwa, watu wanavuka kwa pantoni, na huko walikokuwa wakilala walikuwa wakivamiwa, wakiibiwa na kudhalilishwa. Waliacha vipindi wakaingia barabarani katikati ya jiji kudai ulinzi, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hawa ndio wanafunzi wa kuvaa begi na kwenda kituoni tunaowasema. Jambo lilipowagusa pale wanapoishi na kulala, hawakuhitaji spika ya kukodi.

Kuna chuo kingine nataka ukijue, kiko mbali kidogo. New York, mtaa wa Harlem, kuna City College. Miaka ya 1930 hakikuwa na bweni hata moja. Wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa wahamiaji maskini wa Kiyahudi, wakikaa kwa wazazi wao Bronx na Brooklyn, wakija kwa treni za chini ya ardhi na kurudi kwa treni hizohizo. Masomo yalikuwa bure, vinginevyo wengi wasingesoma kabisa. Kwa maneno yako hicho kingekuwa chuo kisicho na maisha. Lakini kwenye mgahawa wa chuo kulikuwa na vijumba vya pembeni vyenye meza na mabenchi, na kila kundi lilikuwa na chake. Kijumba namba moja kilikuwa cha wanasoshalisti waliompinga Stalin, namba mbili cha wakomunisti waliomuunga mkono. Walikuwa wanafungua mikate waliyofungiwa na mama zao na kubishana mchana kutwa. Kutoka namba moja walitoka watu kama Daniel Bell, Nathan Glazer, Irving Howe na Irving Kristol, ambao walikuja kuongoza mijadala ya Marekani kwa miaka mingi. Na mwaka 1969, kwenye chuo hichohicho cha watu wa kuja na kuondoka, wanafunzi weusi na wa Puerto Rico walikalia sehemu ya kampasi, wakidai milango ifunguliwe kwa vijana wa mitaa iliyokizunguka. Mwaka uliofuata utaratibu wa udahili ulibadilishwa.

Kilichowasaidia wale vijana ninakiona kwa macho mawili: walikuwa na mahali, na walikuwa na mchana. Walikutana saa ambayo kila mtu yupo chuoni, mahali ambapo hakuna mtu wa kuwafukuza.

Hapo ndipo kazi yako ilipo mwanangu. Zunguka chuo chako kati ya saa sita na saa nane mchana. Nilipokuwa kazini nilikuwa na mazoea ya kupita korido saa hizo, na ndizo zilizonifundisha kazi kuliko mafaili yote ya ofisini. Utawakuta wamejaa. Wamekaa kwenye ngazi, wamejibanza ukutani kwenye soketi moja simu tano zinapokezana chaja. Msichana ameficha hotpoti kwenye begi, anakula wali wa jana harakaharaka akitazama huku na huku, kwa kuwa hajui kama kula pale kunaruhusiwa. Mara anapita mlinzi: "Nyie, ngazi siyo pa kukaa." Wanainuka, wanatawanyika, na pengo la saa mbili kati ya kipindi na kipindi linaishia kwenye simu. Wewe jioni unawatafuta watu ambao mchana walikuwa wamekuzunguka.

Pale kwetu tulipigania vimbweta, yaani meza na viti vya saruji vya nje. Ofisi ilisema fungu hakuna. Darasa moja la mwaka wa mwisho likachangishana kama zawadi ya kuagana na chuo, fundi akaja na saruji na nondo, tukapata vimbweta vichache nyuma ya maktaba chini ya mwarobaini, na msimamizi wa majengo akakubali kutuvutia waya wa soketi. Semista haikuisha kabla pale hapajawa na kundi la drafti, kundi la wanaofundishana hesabu, na vijana fulani wa mwaka wa kwanza walioanza kubishana kuhusu Katiba kila Jumatano, wakawa klabu ya midahalo bila hata kusajiliwa. Sikuwaitisha mimi wala waziri yeyote.

Kwa hiyo hamishia kila kitu mchana. Mashairi yasomwe saa saba na robo, nusu saa tu, bila spika, palepale watu wanapokula. Kura zipigwe kwenye milango ya kumbi za mihadhara watu wanapotoka. Mpira uwe Jumamosi asubuhi, tena kwa njia badala ya madarasa: timu ya Kimara, timu ya Mbagala, timu ya Gongo la Mboto, kila moja ifanyie mazoezi kwenye kiwanja cha karibu na kwao. Utaona kama hawatatimia kumi na mmoja.

Halafu mwombe rais wako mwende ofisi ya taaluma na ombi moja lililoandikwa vizuri: saa moja kila wiki, katikati ya mchana, ambayo hakuna kozi inayopangiwa kipindi. Vyuo vya City University of New York, ambavyo City College ni kimojawapo, vina utaratibu huo na huziita saa za vilabu. Ofisi itakwambia kumbi ni chache na ratiba imebana. Ni kweli imebana. Ombeni hivyohivyo, na mwende mkiwa na mapendekezo ya siku, maana aliyeshika ratiba hukataa haraka ombi lisilo na mpango.

La mwisho kwako ni zito kidogo. Kila mwanafunzi hulipa mchango wa serikali ya wanafunzi pamoja na ada yake. Je, mmewahi kubandika ukutani mlichopata na mlichotumia? Nimewaona wanafunzi wengi wakisusa mikutano kwa sababu hii tu. Wanalipa, hawaambiwi, mwisho wanaona viongozi wamevaa suti mpya siku ya kuapishwa. Bandikeni hesabu hata kama ni karatasi moja, hata kama zina aibu ndani yake. Mkutano mkuu unaofuata, itisheni saa saba mchana na ajenda iwe hiyo karatasi. Akidi itapatikana.

Mama Mlezi, salaam,

Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya jamii na nilisoma Mlimani. Nakiri kwamba kizazi hiki kinanichosha. Nikiuliza swali darasani, kimya. Semina wanasoma prezentesheni kwenye simu wakiwa wameinamisha vichwa. Swali pekee ninaloulizwa ni "Hii itatoka kwenye test?" Sisi tulibishana mpaka usiku wa manane. Waliotutangulia walipambana na serikali yenyewe. Hawa wanakuja, wanasaini mahudhurio, wanaondoka. Kizazi kimelala, na sidhani kama ratiba ya daladala inatosha kuwa kisingizio.

*Mhadhiri, Dar es Salaam*

Mwalimu, salaam na heshima,

Uchovu wako naujua. Kufundisha watu wasiokujibu kunachosha mwili kuliko kubeba mizigo. Hata hivyo naomba tuitazame hiyo Mlimani ya zamani kwa ukamilifu wake.

Chuo kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Kilipohamia kilimani mwaka 1964 kilikuwa chuo cha bweni. Mwanafunzi alilala pale, alikula pale, na serikali ililipa. Oktoba 1966 wakaandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1978 wakaandamana tena kupinga marupurupu ya wabunge na viongozi, wakafukuzwa. Walikuwa jasiri, siwapunguzii hata chembe. Ila walikuwa wakiamka nyumba moja, wakipanga foleni moja ya chakula. Neno lililosemwa asubuhi lilikuwa limewafikia wote kabla ya chakula cha jioni.

Na hata wakati huo, Mwalimu, wanaharakati walikuwa wachache. USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ulioundwa 1967 na ambao Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake, ulikuwa kikundi kidogo ndani ya chuo. Jarida lao la *Cheche*, lililotoka kwa mara ya kwanza Novemba 1969, lilibebwa na wahariri watatu na wachangiaji wachache, tena kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, mpaka jarida na umoja vyote vikapigwa marufuku Novemba 1970. Wengi wa wenzao walisoma, wakafaulu, wakaenda kazini. Tunaokumbuka leo tunawakumbuka wale wachache, kisha tunawapima vijana wetu wote kwa kipimo chao.

Halafu nyumba ile moja ikavunjika. Miaka ya 1990 ulikuja utaratibu wa kuchangia gharama, idadi ya wanafunzi ikapanda bila vitanda kupanda nayo, na tangu 2005 Bodi ya Mikopo ndiyo inayoamua nani apate bumu, ile hela ya kujikimu, na kiasi gani. Unapoulizwa "Hii itatoka kwenye test?" sikia na kilicho nyuma yake. Anayeuliza huenda mkopo wake ni wa asilimia kidogo, mama yake anauza genge, na akipata sapu, mtihani wa marudio, hana uhakika nani atamlipia semista ijayo. Kwa mtu wa namna hiyo hilo ni swali la mwenye hesabu kali, siyo la mvivu.

Nije kwenye darasa, maana hapo ndipo wewe una nguvu kuliko mimi na kuliko serikali yao yote ya wanafunzi. Vincent Tinto, mwanasosholojia wa Marekani unayemfahamu bila shaka, aliandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi asiyejishikiza kwenye maisha ya chuo, ya kitaaluma na ya kijamii, yuko hatarini kuacha masomo. Wengi walimkosoa kwamba picha ile ilikuwa ya vyuo vya bweni. Mwaka 1997 alichapisha utafiti kuhusu chuo kimoja cha Seattle ambacho wanafunzi wake walikuja na kuondoka, wengi wakiwa na kazi na familia, na alichokiona ni kwamba kwa watu wa aina hiyo urafiki na masomo vinajengwa darasani au havijengwi kabisa. Walimu walipowaweka kwenye vikundi vya kudumu na kozi zilizounganishwa, wanafunzi waliendelea kukutana hata nje ya vipindi.

Nina pendekezo ambalo sijaliona kwenye kitabu, lakini nimeliona likifanya kazi. Kazi za kikundi usizigawe kwa herufi za majina. Gawa kwa njia. Wa Kimara na Mbezi pamoja, wa Tegeta na Boko pamoja, wa Tandika na Mbagala pamoja. Watu hao tayari wanasimama kituo kimoja na kukaa kwenye foleni moja. Sasa watakuwa na cha kuzungumza, na wikiendi wanaweza kukutana kwa mmoja wao bila kuvuka jiji. Mhadhiri mmoja kijana alijaribu hivyo pale kwetu. Mwezi wa pili akaja ofisini kwangu akicheka, akasema semina zake zinaanza kwa ubishi waliotoka nao kwenye basi la mwendokasi.

Kuhusu kimya cha darasani, fahamu na hili: ukiuliza swali mbele ya watu mia mbili kwa Kiingereza, kijana ambaye hajui jina la aliyekaa kushoto kwake hatanyoosha mkono. Wape dakika tatu wajadili na jirani, kwa lugha yoyote wanayoitaka, kisha uliza tena. Na mwezi wa kwanza wa semista jaribu kuwajua hata ishirini kwa majina. Wale ishirini watakujibu, na wengine watasikia kwamba inawezekana kujibu.

Kwamba kizazi kimelala, hapana Mwalimu. Kinaamka saa kumi alfajiri.

Dada yangu Mama Mlezi, habari za siku nyingi,

Binti yangu yuko mwaka wa kwanza. Tunakaa Tandika, anatoka alfajiri na kurudi jioni kila siku. Mjomba wake ananisema kwamba namnyima maisha ya chuo, eti nimpangie chumba karibu na chuo ajifunze kujitegemea. Hela ni ya kuungaunga. Yeye mwenyewe hasemi kitu, akirudi anaingia jikoni kunisaidia na kuangalia madaftari ya wadogo zake. Nikimwangalia naona kama amechoka na yuko peke yake. Nifanyeje?

*Mama wa Tandika*

Nzuri dada yangu, pole na majukumu,

Chumba usikikimbilie. Nimeona mabinti waliopangiwa vyumba vya karibu wakaishi kwa hofu ya kodi na mwenye nyumba, na upweke ukawa mkubwa zaidi kwa sababu jioni hakuna hata wadogo wa kugombana nao. Kama Mungu akijalia hela baadaye, na yeye mwenyewe akataka, mtalizungumza. Kwa sasa nyumba yako inaweza kumpa mengi.

La kwanza ni jikoni. Mchagulie siku mbili za wiki ambazo akirudi hagusi sufuria wala daftari la mtu mwingine. Wadogo zake wapo, hata wa kiume anajua kuosha vyombo. Nakuomba sana hili, kwa maana nimekaa na mabinti wengi waliokuja ofisini wakilia kwamba wamefeli, na tulipohesabu saa zao pamoja tukakuta nyumbani wanafanya zamu nyingine nzima baada ya chuo. Kaka zao waliosoma kozi zilezile hawakuwa na zamu hiyo.

La pili, mpe jioni moja ya kuchelewa kwa wiki, ijulikane siku gani, na mpange kabisa atarudi vipi: nani anapanda naye gari, nani atampokea kituoni. Ukiisema mwenyewe kwamba Alhamisi anaruhusiwa, atajiunga na kitu, kwaya au midahalo au chochote anachokipenda. Asiporuhusiwa waziwazi, binti mtiifu hataomba, na hapo ndipo unapomwona hasemi kitu.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mwambie awakaribishe wenzake wa upande wa Temeke waje kufanya diskasheni kwako Jumamosi kabla ya mitihani. Usihangaike na pilau. Watachanga wenyewe wapike ugali na dagaa, na watafurahi. Wanachohitaji ni baraza lenye meza, taa nzuri, soketi inayofanya kazi, na redio ya jirani ipunguzwe. Wasalimie, kaa nao kidogo, uliza majina yao na wanakokaa, uandike namba ya simu ya mmoja au wawili. Siku gari zikigoma au mvua ikifunga barabara ya Mbagala, utakuwa na mtu wa kumpigia, na binti yako atakuwa na mahali pa kwenda kulala.

Kisha jioni moja, mkiwa wawili tu, muulize kuhusu chuo bila kuuliza kuhusu matokeo. Muulize huwa anakaa wapi kati ya saa sita na saa nane mchana, na anakaa na nani. Jibu lake likikusumbua, niandikie tena.